Nilisema Panda

Mwaka wa sitini na tisa, jua likitua, nilikuwa dukani kwa Balwant mjini Nakuru nikibishana naye juu ya taa ya baiskeli. Ile yangu ilikuwa imeanguka asubuhi pale Bahati ikapasuka, na ilikuwa lazima nirudi Subukia usiku huohuo. Mfukoni nilikuwa na chupa ya dawa ya binti yangu Milcah, wa miezi mitatu. Nimonia ilikuwa imemshika, kifua kinapiga filimbi. Nilipanga foleni hospitalini tangu asubuhi, na nesi aliponipa chupa aliniambia dozi ya kwanza impate leo, si kesho. Basi la mwisho lilikuwa limeondoka zamani.

Balwant alikuwa fundi mzuri lakini mbishi. Mimi pia ni mbishi, ndiyo maana tulielewana. Alinitolea taa mpya, ambayo hata kuigusa niliogopa kwa bei yake. Akanitolea tochi ya kufunga kwa mpira kwenye usukani, inayokula mawe mawili ya betri. Halafu nikaona mwenyewe, ndani ya debe la spea, dinamo kuukuu na taa yake, bei ya kutupa.

"Chukua tochi, Dalmas," akasema. "Dinamo inataka mguu. Mlimani ukishuka kusukuma, taa inalala."

Nikamjibu kwamba mawe huisha lakini miguu yangu haiishi. Akatikisa kilemba, akanifungia dinamo. Kale kagurudumu kake kakagusa tairi, akazungusha gurudumu kwa mkono, taa ikawaka. Nikaondoka nikijiona mjanja.

Hadi Bahati mambo yalikuwa sawa. Moshi wa jikoni, mbwa, watu wanafunga ng'ombe. Kisha msitu ukaanza, na kwa haraka yangu nikaacha barabara kubwa nikashika njia ya wakata miti, inayokata kona lakini ina mawe na mizizi. Mvua ilikuwa imenyesha. Hakukuwa na mwezi.

Mlima ukakaza. Nikipunguza mwendo, taa inakuwa nyekundu kama kichwa cha sigara. Nikisimama, giza. Balwant alisema kweli, na jambo hilo liliniudhi kuliko mlima wenyewe. Nikasimama juu ya pedali nikakanyaga kwa hasira. Mimi ni mkamuaji wa ng'ombe, nimezoea kuwasemesha wanyama, na hata baiskeli naisemesha.

"Panda," nikaiambia. "Panda, mama. Panda tu, twende."

Baiskeli ikazama nyuma.

Keria ikalia... kriii. Nimebeba mikebe ya maziwa kwenye keria ile, nimebeba watu, najua uzito wa kila kitu. Huu ulikuwa uzito wa mtu mzima, ameketi upande, anajiweka vizuri.

Na taa ikawaka. Nyeupe, kali, hadi nikaona miti ya mbali. Unaamini nilifurahi? Nilidhani dinamo imepata moto. Hata ile harufu ilipokuja, ya nguo iliyokaa sandukuni na unyevu, niliendelea kukanyaga. Kisha gurudumu la mbele likagonga jiwe, nikatia mguu chini. Baiskeli ikasimama.

Taa haikuzimika.

Nikainama polepole. Dinamo ilikuwa imeruka kwa kugongwa na mawe, iko mbali na tairi. Nikapitisha kidole katikati, kikapita. Gurudumu limetulia kabisa. Taa inawaka.

"Mbona umesimama?"

Ni mnong'ono, nyuma ya shingo yangu. Sikugeuka. Nikauliza ni nani huyo.

"Si umesema nipande?"

Hapo ndipo nilipouona ujinga wangu. Nilikuwa naiambia baiskeli ipande mlima. Lakini aliyekuwa ameketi kando ya njia ile, sijui tangu lini, amesikia mtu mwenye keria tupu akimwambia panda, tena kwa heshima, mama. Angekataa vipi?

Nikamuuliza kama tunavyomuuliza kila abiria, kwa mazoea tu.

"Unashukia wapi?"

"Utakaponiambia."

Basi neno limempandisha, na neno litamshusha. Nikafungua mdomo niliseme. Ndipo nikatazama mbele. Njia ilikuwa inaanza kuteremka kwenda bondeni, mawe matupu, na kulia kwangu korongo. Bila taa ningepapasa kwa miguu hadi alfajiri, na taa ile haikuwa yangu tena. Nikamfikiria Milcah na ile filimbi ya kifua. Nasema wazi, nililia. Kisha nikafunga mdomo nikaachilia breki.

Tuliteremka bila sauti yoyote ya dinamo. Kona kwa kona taa ilinionyesha kila jiwe. Na nyuma yangu akaanza kuimba, chini chini, wimbo wa kubembeleza mtoto.

Sikuwa nimemwambia kuna mtoto.

Nilipanga nimshushe kwenye josho la ng'ombe, mbali kidogo na nyumba, halafu nikimbie. Lakini Naliaka, mke wangu, alikuwa ameona mwanga tangu mlimani, amekuja kunipokea. Nilipofika joshoni alikuwa amesimama palepale, Milcah kifuani kwake. Mimi nimeganda kwenye kiti, mikono haiachi usukani, natikisa kichwa, natafuta namna ya kumwambia anyamaze.

"Shuka basi, Baba Milcah," akasema. "Mtoto anaisha. Shuka."

Keria ikawa nyepesi. Taa ikazimika.

Na filimbi ya kifua ikanyamaza. Nilijua mtoto amekufa. Nikawasha kiberiti, nikaona Milcah anapumua vizuri, macho wazi, anacheka. Hakunitazama mimi wala mama yake. Alitazama juu ya bega la mama yake, mahali pasipokuwa na mtu. Chupa ya dawa ilikuwa bado mfukoni mwangu, haijafunguliwa.

Dawa tulimpa, tukaimaliza yote. Watu wanasema ndiyo iliyomponya, na mimi huwa nakubali.

Milcah sasa ana miaka saba na hajaugua hata mafua. Usiku tunasikia wimbo ule chumbani kwake. Tukiingia, yeye amelala, na chumba kinanuka sanduku lenye unyevu. Nilimweleza Naliaka yote. Analia, ananiambia nililianza mimi, nilimalize mimi, nikasimame mlangoni niseme neno moja tu: toka.

Nimesimama pale mara nyingi. Nafungua mdomo, namtazama mtoto anavyopumua, naufunga tena. Kwa sababu sijui, nikisema toka, atatoka nani.