Simu ya Mama Mkwe

"Picha ya Truphosa isivuke ziwa," sauti ilisema kwenye Nokia. "Ikivuka, wanamuua. Polisi wako njiani."

"Sawa."

Yeremia alikata simu. Truphosa alikuwa jasusi mwenzake, amejipenyeza kwenye genge la magendo ya dhahabu ng'ambo ya ziwa. Yeremia alipaswa kuogopa. Hakuogopa. Siku hizi hakuna kilichomgusa, si hofu, si chakula.

Akapiga hodi, mkoba wa fundi begani. Fundi halisi aliyeitwa alikuwa amezuiliwa njiani.

Nyumba ilikuwa mtaa wa Nyakato, nyuma ya viwanda. Shigela, mkuu wa genge upande huu wa ziwa, alimpeleka moja kwa moja kwenye kompyuta. Bastola aina ya Browning ililala kando ya kibodi.

"Intaneti inakatikakatika, fundi. Kuna picha nataka iende sasa hivi."

Modemu ikapiga namba. Ikalia, ikakoroma, ikashika. Kwenye kioo, picha ikaanza kwenda.

Ikakatika.

Yeremia aliufuata waya wa simu ukutani hadi kwenye mlango uliofungwa. Ndani, mwanamke alikuwa akiongea.

"Laini moja, simu mbili, bosi," Yeremia alisema. "Hiyo ya ndani ikinyanyuliwa tu, modemu inakata. Mwambie aiweke chini."

Shigela akarudi nyuma.

"Yule ni mkwe wangu," alinong'ona. "Mama mzazi wa mke wangu. Nitamwambiaje? Ingia wewe."

Muuaji mzima, jamani, anaogopa kugonga mlango!

Yeremia aliingia, akaurudishia mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeharibu?"

"Hapana. Napima laini. Endelea kuongea, usiiweke chini mpaka nikuambie."

Mama akafurahi. Akarudi kwenye simu kwa dada yake wa Bujora, akaanza kuulizia ng'ombe, mmoja mmoja.

"Vipi?" Shigela aliuliza Yeremia alipotoka.

"Anamalizia."

Shigela akangoja. Akanyanyua mkono agonge, akaushusha. Jasho lilimtoka. Ndani, mama alicheka.

Difenda ya polisi ikavunja geti.

Shigela aliirukia bastola. Haikuwepo. Ilikuwa mkononi mwa Yeremia, imemwelekea kifuani.

Polisi wakaingia kwa kishindo, wakamfunga pingu.

"Taratibu, jamani," Shigela aliwasihi. "Mkwe anaongea na simu."

Nje, Nokia ikaita.

"Truphosa yuko salama. Umesikia?"

"Nimesikia."

Yeremia alisimama akingoja furaha. Haikuja. Akavuka barabara, akanunua kipande cha muwa, akaondoka akitafuna.