Zamu ya Spana Kuchagua

Mzee Pasi alikuwa mpiga pasi wa hospitali. Jina hilo alibandikwa na wenzake kazini, na sasa hata mkewe alilitumia. Kutwa nzima alisimama mbele ya mashine ya mvuke. Mashuka yaliingia yamekunjamana, yakatoka yamenyooka. Yeye mwenyewe aliingia amenyooka, akatoka amekunjamana. Alikuwa na ule uchovu ambao hata ukilala, unaamka nao.

Mtoto wake wa pekee aliitwa Spana, kwa sababu tangu utotoni hakuna kitu chenye skrubu kilichosalimika mikononi mwake. Alifungua redio. Alifungua saa ya ukutani. Alifungua hata kitasa cha choo cha jirani, jirani akiwa ndani.

Alipokuwa na miaka minne, Spana alipata homa kali. Homa ilipoondoka, iliondoka na sikio lake la kushoto. La kulia lilibaki zima. Ukisema naye mahali patulivu, anakusikia vizuri. Penye kelele au watu wengi, anakisia tu. Lakini hakupenda watu wajue. Aliitikia kwa kichwa, akatabasamu, mambo yakapita.

Mwaka huo alikubaliwa na vyuo viwili, vyote kwa kozi ya kutengeneza mashine za hospitali. Kimoja kilikuwa kikubwa na chenye jina. Kingine kilikuwa kidogo, nyuma ya kituo cha zimamoto. Alitakiwa kuchagua kimoja na kujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Akishajibu, hakuna kurudi nyuma.

Chuo kikubwa kiliwaalika waliokubaliwa, pamoja na wazazi wao, waje kukitembelea. Mzee Pasi alifanya zamu mbili mfululizo ili apate ruhusa. Baba na binti wakaenda. Waliporudi jioni, mama naye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kiwandani, anakoshona sare. Akawamiminia chai.

"Haya, nipeni habari. Chuo kikoje?"

"Kizuri," alisema Mzee Pasi.

"Kizuri sana," alisema Spana.

"Wamesema nini?"

Mzee Pasi alimtazama binti yake. Spana alimtazama baba yake.

"Mwambie mama yako," alisema Mzee Pasi.

"Si umwambie wewe, baba. Mimi nilikaa nyuma kabisa, na zile spika zinavuma. Sikuambulia kitu. Nilijua wewe unasikiliza."

Mzee Pasi alivua kiatu taratibu. "Mimi nililala."

"Ulilala?"

"Walinikalisha kwenye kiti chenye mto, mwanangu. Mkuu wa chuo aliposema karibuni, sikumsikia tena mpaka watu walipopiga makofi. Nilijua wewe unasikiliza."

Mama alitaka kukasirika, lakini hakuwa na nguvu. "Kwa hiyo mmerudi na nini?"

"Kalamu," alisema Spana. "Na soda tulikunywa."

Kicheko kikasikika mlangoni. Alikuwa Mama Funguo, jirani yao, amekuja kurudisha sufuria. Kabla ya kustaafu, mama huyu alitunza funguo za bweni la chuo kimoja kwa zaidi ya miaka ishirini. Alicheka mpaka akaegemea mlango, kisha akavuta kigoda akakaa.

"Mmekwenda kama watu walioalikwa harusini," alisema. "Mmekaa mlipokalishwa, mmekunywa, mmeaga."

"Sasa mgeni afanye nini?" aliuliza Mzee Pasi. "Uingie nyumba ya watu uanze kufungua makabati?"

"Ndiyo, ufungue. Wazazi wengi wanakosea hapo. Mtoto alipoomba nafasi, chuo kilimpima: vyeti, alama, usaili. Wamemaliza, wamemkubali. Sasa ni zamu yake kuwapima wao. Nafasi haiondoki kwa sababu ameuliza maswali."

"Niulize nini?" alisema Spana.

"Anza na lile linalokukosesha amani. Wewe unaogopa nini?"

Spana aliinamisha kichwa. 

"Naogopa kukaa darasani miaka mitatu nikikisia," alisema. "Shuleni nilikisia, nikasoma vitabu, nikafaulu. Lakini mashine ya hospitali huwezi kuikisia. Ukikosea, mgonjwa anakufa."

Wazazi wake hawakuwahi kumsikia akisema hivyo. Mama aliweka kikombe chini.

"Basi pigeni simu vyuo vyote viwili," alisema Mama Funguo, safari hii polepole. "Ombeni kwenda siku ya kawaida ya masomo. Siku ya wageni hata bweni langu lilinukia sabuni. Omba ukae darasani kipindi kimoja. Ingia karakana, uone kama mashine zinafanya kazi au zimefunikwa vitambaa. Uliza utalala wapi, na kutoka huko mpaka darasani ni mwendo gani. Kisha watafute wanafunzi, mwalimu asiwepo. Waulize nini kinawasumbua. Maswali yako yaandike kabla hujaondoka nyumbani, la sivyo utayasahau. Majibu nayo yaandike palepale."

"Na habari ya sikio?"

"Hiyo useme mwenyewe. Si baba, si mama. Wasipojua hawawezi kukusaidia. Na wakishajua, namna watakavyokujibu itakuonyesha ni watu gani."

Mzee Pasi alishusha pumzi. Siku mbili nyingine za ruhusa, na msimamizi wake si mtu wa kuombwa mara mbili. Aliomba hivyo hivyo. Akapewa, kwa sharti kwamba afanye kazi Jumapili mbili.

Walianza na chuo kikubwa. Darasa lilikuwa na wanafunzi wapata mia mbili. Spana alikaa mbele, lakini feni zilinguruma na mwalimu alizungumza akiwa amewapa mgongo. Kipindi kilipoisha, Spana alikuwa ameandika sentensi nne.

Akaenda ofisini. Alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Nasikia kwa sikio moja," alimwambia karani. Maneno hayo hakuwahi kumwambia mtu asiyemjua. "Wanafunzi kama mimi mnawasaidiaje?"

"Andika barua, dada. Itapelekwa kwenye kikao."

"Kikao ni lini?"

"Bado hakijapangwa."

Nje alimkuta mwanafunzi wa mwaka wa pili akila mkate, akamuuliza lile swali la Mama Funguo.

"Walimu wanajua kazi," yule mwanafunzi alijibu. "Ila tuko wengi. Hapa ukizama, unazama peke yako."

Spana aliyaandika yote. Mzee Pasi alisoma daftari, moyo ukamuuma. Chuo hiki ndicho alichokitaka. Alikuwa ameshawatangazia nusu ya hospitali.

Siku ya pili walikwenda chuo kidogo. Rangi ya kuta ilikuwa imebanduka. Bweni lilikuwa limejaa, kwa hiyo Spana angetoka nyumbani kila siku, mwendo wa saa nzima. Alilipata hilo kwa kuuliza, akaliandika. Lakini katika karakana mashine zilikuwa wazi, na wanafunzi wamezama ndani yake mpaka viwikoni.

Mwalimu alikuwa mama mwenye grisi kwenye mkono wa koti. Spana alimwambia habari ya sikio kabla kipindi hakijaanza.

"Zima ni lipi?" aliuliza mwalimu.

"La kulia."

"Basi kaa kule mwisho wa safu, upande wa kushoto. Sote tutakuwa kulia kwako. Na nikigeukia ubao, nyanyua mkono. Mimi husahau."

Mzee Pasi alisubiri nje kwenye benchi. Spana alipotoka, alianza kusema kabla hata hajaketi. Alimweleza kwa nini mashine ya kuvutia maji kifuani hupoteza nguvu, uanze kutazama wapi, na fundi mvivu hukosea wapi. Alieleza mwanzo hadi mwisho bila kusita. Mzee Pasi alielewa nusu. Alifurahi, na chini ya furaha kulikuwa na uchungu. Kwa miaka yote ya shule alimuuliza kila jioni, "Masomo vipi?" Spana akajibu, "Mazuri." Naye akadhani ana mtoto asiye na maneno mengi.

Spana alichagua chuo kidogo, akajibu siku tisa kabla ya mwisho wa mwezi. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kueleza shida ya kiafya. Mara ya kwanza alipoomba, aliweka mstari mtupu. Safari hii aliandika mpaka nafasi ikaisha.

Muhula wa kwanza ulimchosha. Aliamka alfajiri, akarudi viatu vimejaa vumbi. Matokeo yalipotoka, alifaulu masomo yote ila moja, na hilo angelirudia. Mama alitaka kuziona alama. Spana akaiweka karatasi kando kwanza.

"Darasa zima wanajua habari ya sikio langu," alisema. "Siku nikikaa upande mbaya, wananihamisha wenyewe."

 Mzee Pasi akachukua birika, akamwongezea mwanawe chai.