Mikono ya Kinyozi

Mchana mmoja mke wa kinyozi alimkuta mumewe amelala kitini, anakoroma, huku mikono yake ikikunja mataulo. Ilikunja vizuri kuliko akiwa macho.

Kwa miaka kadhaa mikono hiyo ilitetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson. Mke ndiye aliyemlisha na kumfunga vifungo, akalipwa matusi, maana mwanamume yule alikidharau hata kijiko kilichomshibisha. Kisha madaktari wakamtoboa fuvu, wakampandikizia seli changa ubongoni, wakamwambia avumilie, zitachelewa kushika. Zikashika. Akarudi kwenye wembe wake, kidevu juu, utadhani kajiponya mwenyewe.

Mke alimweleza daktari habari za mataulo. Daktari akasema mwili unaopona huwa na vituko vyake. Lakini vituko gani hivyo vinavyonuka nywele zilizoungua, vinavyonong'ona jikoni wakati mwenye nyumba yuko bafuni, vinavyomfuata mtu chumba hadi chumba vikimhemea kisogoni, mpaka anaogopa kugeuka, anaogopa kutogeuka, na mwisho anatoka mbio pekupeku kwenda kumwita shangazi wa mumewe, mwanamke anayepunga majini?

Shangazi alifukiza ubani, akauliza ni nani yumo humo. Kinywa cha kinyozi kikajibu kwa sauti nyembamba, iliyochoka.

"Daktari alipanda mbegu zake. Mimi nilikuwa napita tu, nikakuta tundu liko wazi."

"Toka."

"Nitatoka. Ila mbegu zimeota juu yangu, zitakufa nikiondoka. Atatetemeka tena. Muulizeni mwenyewe."

Mke akapiga magoti mbele ya mumewe, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba aliache jini litoke tu, yeye atamlisha kama zamani, hata wazeeke hivyo hivyo.

Kinyozi akamtazama kama nywele za kufagia. "Nilishwe na wewe tena? Bora huyu."

Jini likacheka humo humo kinywani mwake. "Niliwahi kukaa ndani ya mbwa," likasema. "Mbwa alikuwa na shukrani."

Shangazi akazima ubani. Mgeni aliyekaribishwa na mwenye nyumba, alisema, yeye hana uwezo wa kumfukuza. Wakaelekea mlangoni. Hapo kinyozi, labda akili ndiyo kwanza inamrudi, akafungua kinywa amwite mkewe. Mkono wake ukapanda taratibu, bila kutetemeka hata kidogo, ukamziba.

Mke aliyaona yale macho juu ya vidole. Akavaa viatu, akaufunga mlango nyuma yake.