Mistari Arobaini ya Mia Kamili

Mimi ni Absalom, mwana wa Opondo, mwana wa Obonyo wa Asembo, watu walioaminiwa kupima mashamba ya majirani bila shahidi. Mjukuu wangu Griffins ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kusomea hesabu za jinsi kemikali zinavyowashana na kuzimana ndani ya chembe hai. Nayaandika haya kama Inspekta Maximilla Wandera alivyonisimulia.

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, katika maabara ya chuo kimoja mjini Kisumu, mwanafunzi Nangila aligundua kwamba vipimo vyake vya kimeng'enya cha damu, protini inayoharakisha kazi za chembe, vimebadilishwa kwenye kompyuta. Daftari lake la vipimo halikuwapo. Ijumaa alikuwa amemwambia profesa kwamba vipimo hivyo vinaupinga mlinganyo wa Griffins. Sasa faili iliuunga mkono. Alionekana mwongo, na Alhamisi angefukuzwa chuoni.

Inspekta Wandera aliitwa, na aliyemhoji kwanza ni Waswa, mtunza vyombo, kwa kuwa ndiye aliyekaa na ufunguo wa maabara.

"Bwana Waswa, uliingia humu jana?"

"Niliingia, Madam, kuosha chupa, na mlango niliuacha wazi. Hizo hesabu siwezi kuziharibu. Hata zikiwa nzuri sizielewi."

"Ukipima kitu kimoja mara mbili, majibu hulingana?"

"Hiyo haiwezi. Mkono ni mkono. Saa hii tisini na nane, baadaye mia moja na moja."

Inspekta alirudi kwenye faili. Kila mstari ulionyesha kwa asilimia kiasi cha kimeng'enya kinachofanya kazi na kiasi kilichopumzika, kila kimoja kikiwa kimepimwa peke yake. Alijumlisha. Mistari yote arobaini ilitoa mia kamili.

Saa tisa alasiri alimwita Griffins.

"Umewahi kupima kwa mkono wako?"

"Hapana, Madam. Mimi ni mtu wa milinganyo."

"Ndiyo maana. Nangila na Waswa wanajua kwamba kipimo hakikosi kasoro. Aliyeandika hizi hajawahi kushika damu."

Griffins alilitoa daftari la Nangila mkobani mwake.

"Mlinganyo ukianguka, shahada yangu ya udaktari imekwisha," alisema. "Na Babu alishatangaza kanisani Asembo kwamba mimi ni daktari. Ningemwambia nini?"

Nangila alirudishiwa daftari lake, akabaki chuoni. Griffins alifukuzwa. Mimi sasa huketi benchi la nyuma kanisani, maana nilitangaza kabla ya kuuliza.

Ninyi vijana mnaosoma, nawaamuru: andikeni namba mliyoiona, hata ikiuangusha mlinganyo wenu, hata ikimwaibisha babu yenu.