Maziwa ya Kufutia Piano

Ilianza na harufu ya maziwa yaliyochacha, kama kitambaa cha mtoto kilichosahaulika chini ya godoro. Ilitoka kwenye piano ambayo mama mmoja kijana aliachiwa na marehemu mama mkwe wake.

"Inanuka kuliko soksi zangu, na zangu unazijua," mumewe alisema. "Tuitupe, tununue nyingine."

"Mama yako alinipokea humu kama binti yake, na hiki ndicho alichoniachia. Tuitengeneze, baba."

Ilikuwa piano ya kizamani, vibao vyake vya kubonyeza vikiwa vya pembe za ndovu. Mkwewe alimfundisha kuvifuta kwa kitambaa kilicholowa maziwa, visigeuke njano, na tangu mazishi hakuacha hata siku moja. Juzi maziwa yaliisha. Alikuwa ananyonyesha, hakuona ubaya. Akakamua matone machache ya kwake.

Tangu hapo vibao vilikuwa na utelezi. Ukivigusa, uzi wa mate unafuata kidole. Na kile cha kushoto kabisa, chenye sauti nene, kilikoroma badala ya kulia.

Fundi wa piano, mzee mcheshi, alikuja mchana. "Wagonjwa wangu hawaogopi sindano," alisema, akafungua ubao wa mbele. Akaruka nyuma.

Vibao vilikuwa vimeota kwenye nyama, ufizi mwekundu uliovimba kuzunguka kila kimoja, wenye nywele nyeupe zilizojisokota kwenye nyundo za kugonga nyuzi, na usaha mzito kama maziwa mabovu ukichuruzika hadi kwenye pedali, huku ufizi wote ukijipinda kumwelekea yule mama pale aliposimama, ukitafuna hewa, ukifyonza, kama kichanga kinachotafuta titi gizani.

"Umeilisha nini?" fundi alinong'ona.

Yule mama akamwambia.

"Ya ng'ombe yalikuwa yanalilaza tu hili jini. Sasa limeonja ya mtu. Hii haitengenezeki, mwanangu. Tuichome leo."

Waliiburuta hadi uani. Upande wa kushoto kulikuwa na pengo. Wakadhani kile kibao cha sauti nene kimedondoka njiani. Ikaungua kwa harufu ya nyama na nywele, mama akatapika, akalia, na mumewe akamshika bega.

Jioni mama akampakata mwanawe. Mtoto akanyonya kwa pupa, kisha akauma.

Lakini mtoto hakuwa na jino hata moja.

Akamfunua mdomo. Mbele palikuwa na kitu kimoja, kipana, cha njano, baridi kama pembe. Akakigusa kwa ncha ya kidole. Kikazama kwenye ufizi, na tumboni mwa mwanawe ile sauti nene ikakoroma.