Ko Ko ya Ndani ya Ua

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, Gaone alipita kwanza langoni kwa Mma Seabelo, muuza magwinya, yale maandazi ya mviringo yanayokaangwa mpaka yakavimba. Alichukua mawili ya moto. Moja alilila njiani, la pili alimpelekea Otsile kwenye chumba cha kompyuta. Otsile alikuwa na vidole vyepesi kwenye kibodi. Gaone yeye alikuwa na mdomo. Mdomo huo ndio uliomfanya awe msemaji wa klabu ya kompyuta ya shule yao pale Kanye, na mdomo huohuo ndio uliomponza.

Mwaka ule klabu ilikuwa na kazi kubwa. Kule Hukuntsi, mbali magharibi kwenye mchanga wa jangwa la Kgalagadi, palikuwa na shule ndogo ambayo mwalimu wake wa hesabu alikuwa mgonjwa tangu muhula uanze, na mtihani wa darasa la saba ulikuwa unabisha mlangoni. Rra Molefhe, yaani Bwana Molefhe, mwalimu wa klabu, aliamua watoto wa kule wafanye jaribio la hesabu kwa njia ya mtandao siku ya Jumamosi. Maswali yaliwekwa kwenye kompyuta moja ya klabu, nayo wakaibatiza jina la Maswali.

Kompyuta zote za shule zilijificha nyuma ya kompyuta moja kuukuu iliyoitwa Bawabu.

"Dunia nzima inaijua anwani ya Bawabu tu," Rra Molefhe alipenda kueleza. "Ninyi wa ndani mna namba zenu za humuhumu, huko nje hazina maana. Mgeni akibisha kwa Bawabu, lazima Bawabu awe ameagizwa ampeleke kwa nani. Otsile, umemwagiza?"

"Nimemwagiza, Rra. Anayetaka maswali apelekwe nyumba namba ishirini."

Jumatano ya juma lile umeme ulikatika mchana kutwa. Uliporudi, kompyuta ziliwashwa upya zote. Siku ya pili yake Rra Molefhe akampa Gaone simu ya klabu.

"Umeme ukikatika, usiamini kitu mpaka ukijaribu. Nimekuwekea bando. Toka nje ya lango, zima waifai ya shule, halafu ubishe kama mtu wa Hukuntsi. Sawa?"

"Sawa, Rra!"

Kumbe siku hiyohiyo dada yake Gaone, Sethunya, alikuwa Gaborone kwenye mashindano ya ngoma, na video zake zilikuwa zimeanza kusambaa. Gaone alisimama kando ya ukuta. Nitatazama kidogo tu, alijiambia. Kidogo kikazaa kidogo kingine. Sethunya alipiga miguu, njuga za miguuni zikalia, watu wakashangilia, na bando likakata katikati ya shangwe.

Alirudi mbio kivulini mwa darasa, akajiunga na waifai ya shule, akaandika jina la Maswali. Ukurasa ukafunguka paa!

"Si umefunguka?" alijisemea. "Ndani, nje, kuna tofauti gani?"

Akaenda kwa mwalimu uso mkavu. "Nimejaribu, Rra. Inafunguka vizuri."

"Kutoka nje kabisa?"

"Nje kabisa, Rra."

Ijumaa, kwa ruhusa ya mwalimu, Otsile alimwongezea Bawabu agizo jipya, kwamba awafukuze wageni wanaobisha ovyo milango isiyowahusu. Jioni wote walikwenda makwao wakiwa na furaha.

Jumamosi asubuhi simu ya Rra Molefhe iliita, akaiweka sauti kubwa ili klabu nzima isikie. Alikuwa Mma Tiro, mwalimu mkuu wa Hukuntsi.

"Rra, watoto wamefika wote. Wengine wametoka kwenye kambi za ng'ombe, wamepanda mikokoteni ya punda tangu alfajiri. Lakini kompyuta inazunguka tu. Haifungui kitu!"

"Tupe nafasi kidogo, Mma."

"Kidogo kweli, Rra. Saa nane mikokoteni inaondoka. Siwezi kuacha watoto wa watu wakutwe na giza porini."

Rra Molefhe alishika kidevu. "Alhamisi ilifunguka, Gaone alijaribu. Leo haifunguki. Kwa hiyo ubaya umeingia katikati. Ijumaa tulibadilisha nini?"

Macho yote yakamgeukia Otsile.

Wakafuta agizo lake jipya. Hukuntsi wakajaribu, wapi! Wakaliandika upya kwa namna nyingine. Wapi! Wakasoma kila mstari alioandika, herufi kwa herufi, jua nalo likizidi kupanda. Watoto wa klabu wakaanza maneno yao.

"Bingwa wa kibodi! Amewafungia wenzake nje kama mbuzi!"

"Vidole vyepesi, kichwa kizito!"

Otsile aliurudia tena mstari wa mwisho. "Labda nimekosea mahali, Rra. Sijui ni wapi, lakini labda nimekosea."

"Toka kwanza kwenye kibodi, mwanangu. Kaa pale pembeni."

Gaone alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Alijua. Hakujua ubaya wa mashine ulikuwa wapi, lakini alijua kwamba neno moja walilolisimamia wote asubuhi ile lilikuwa la uongo, na lilikuwa lake. Alikwenda kukaa karibu na Otsile, kwa kuwa hakuweza kumtazama akiwa mbali. Otsile akatoa andazi aliloletewa na Gaone asubuhi ile, bado zima.

"Kula wewe," alinong'ona. "Mimi sina hamu. Nimewaharibia watoto wale."

Gaone alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka. Saa ya ukutani ilikwenda, na kule mbali punda walikuwa wakingoja. Akasimama.

"Rra, mimi ni mwongo."

Akasogea mbele ya meza ya mwalimu.

"Alhamisi sikujaribu kutoka nje. Bando nililimaliza kutazama ngoma ya dada yangu. Nilijaribu hapahapa ndani, kwa waifai ya shule. Otsile hana kosa."

Alingoja akaripiwe. Afadhali angekaripiwa! Rra Molefhe alimtazama tu, kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo tangu umeme ukatike, hakuna mtu aliyebisha kutoka nje?"

"Hakuna, Rra."

"Yaani asubuhi yote tumemtafuta mwizi kwenye nyumba ambayo hakuingia." Akageuka. "Otsile, rudi kwenye kibodi yako. Tunaanza upya, tunaanzia langoni."

Wakampigia Mma Tiro abishe tena, safari hii Otsile akimsikiliza Bawabu. Mistari ikapanda kwenye kioo.

"Anabisha, Rra! Amefika kwa Bawabu."

"Ndiyo. Bawabu amempeleka wapi?"

"Namba ishirini."

"Ishirini amejibu nini?"

Otsile alisogeza uso karibu na kioo. "Hajibu. Bawabu anagonga, anagonga, lakini humo ndani kimya."

"Namba ishirini kuna mtu kweli? Muite wewe mwenyewe."

Otsile akaita. Hakuna aliyeitika.

"Gaone!" mwalimu alisema. "Nenda kwenye kompyuta ya Maswali, uiulize inaishi namba ngapi. Unisomee unachokiona, si unachokitaka."

Maneno hayo yalimchoma, lakini alikwenda, akaandika amri, akasoma. "Thelathini na nne, Rra."

"Imehama!" Otsile aliruka kitini. "Umeme uliporudi, namba ziligawiwa upya! Sisi wa ndani tunaiita kwa jina, ndiyo maana tunaipata. Bawabu hakuambiwa kwamba imehama, anapeleka wageni kwenye nyumba tupu!"

Hapakuwa na kazi kubwa baada ya hapo. Otsile alimwagiza Bawabu namba mpya, kisha akaifungia Maswali namba hiyo isihame tena hata umeme ukikatika mara ngapi. Watoto walitaka kumpigia Mma Tiro palepale, lakini Rra Molefhe akainua mkono.

"Wamechoka kuambiwa jaribuni. Safari hii tujaribu sisi kwanza, kutoka nje. Nani anakwenda?"

"Mimi, Rra," Gaone alisema. Hakuna aliyemtetea na hakuna aliyempinga.

Simu ya klabu haikuwa na bando, kwa hiyo ilimbidi amwendee Mma Seabelo langoni, amwombe yake.

"Na bando la mwalimu umelifanyia nini?" Mma Seabelo aliuliza, kijiko cha mafuta mkononi.

"Nimelitazamia ngoma, Mma."

"Loo! Msemaji wa klabu! Haya, shika. Lakini simama hapahapa mbele ya macho yangu, simu yangu haichezi ngoma."

Gaone aliandika anwani ya Bawabu, ile inayojulikana na dunia. Akangoja. Ukurasa ukafunguka: Swali la Kwanza. Machozi yakamtoka, akamrudishia simu yake, akakimbia kurudi.

"Umejaribu kutoka nje?" Rra Molefhe aliuliza.

Alifungua mdomo, akaona sura za wenzake, akatambua kwamba neno lake peke yake siku ile halikutosha. "Muulize Mma Seabelo, Rra."

Na mwalimu akamuuliza kweli, kwa sauti, kupitia dirishani. "Imefunguka, Rra!" Mma Seabelo akajibu. "Nimeiona kwa macho yangu!"

Kule Hukuntsi watoto walifanya jaribio lao, na mikokoteni ikaondoka kwa wakati. Wenzake walipokwisha kutawanyika, Rra Molefhe alimwita Gaone na Otsile.

"Kwetu mgeni husimama nje ya ua akaita 'Ko ko!', haingii mpaka aitikiwe. Sasa wewe ukisimama ndani ya ua wa mama yako, ukaita ko ko na kujiitikia mwenyewe, umejua nini kuhusu lango? Bando kuisha si kitu, Gaone, ningekununulia jingine. Uongo wako ndio ulionipoteza, kwa sababu nilikuamini, nikaanza kutafuta mahali ambapo ubaya haupo. Tena aliyeadhibiwa kwa ajili yake ni rafiki yako. Mashine iliyoharibika tunaitengeneza siku hiyohiyo. Imani ya watu huchukua muda."

"Nisamehe, Otsile," Gaone alisema.

"Nitakusamehe Jumatatu," Otsile alijibu, "baada ya magwinya. Yote mawili."

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi Gaone alitoka nje ya lango na simu ya klabu kujaribu, na kila aliporudi Rra Molefhe alipaza sauti dirishani kumuuliza Mma Seabelo. Kila mara uso wa Gaone uliwaka kwa aibu, wala hakulalamika. Muhula uliofuata ulikuwa unakaribia kwisha aliporudi siku moja, akasema, "Imefunguka, Rra," akageukia dirishani kungoja.

Rra Molefhe hakuinua kichwa kwenye kazi yake, wala hakumwita Mma Seabelo. "Vizuri," alisema. "Keti, tuendelee."