Pigo la Kwanza la Msuko

Jumanne, saa moja na dakika arubaini asubuhi, Twahir Mwinyihaji alifungua barua pepe ya wateja wake wa Ulaya, akaisoma mara tatu, na chai ikampoa mkononi. Msuko wa malkia wa mchezo wao wa kompyuta ulikuwa umevuja. Kwa miezi mitano ofisi yake ya Diani ilikuwa ikiutengeneza kwenye kompyuta, na wateja waliahidiwa kwamba hapana mwingine duniani atakayekuwa nao. Sasa ulikuwa mtandaoni tangu Jumapili, bure, ajaye auchukue amvike mhusika wake wa mchezo. Aliyeuweka alijiita Shungi. Hana picha, hana anwani.

Saa tatu unusu tuktuk ilimshusha Bi Tumu mbele ya duka la vifaa vya kupigia mbizi, ambalo ofisi ile ilikuwa juu yake. Bi Tumu ni msusi wa Msambweni, mjane wa miaka hamsini na minane, mwenye magoti mabovu na ulimi usiojua kupita kando. Malkia yule alisukwa kwa kuigwa mikono yake. Walimpiga picha akimsuka bintiye Bushra, kisha kijana wa kazi akachora mistari ile mmoja mmoja kwenye programu ya nywele, na kila Jumanne Bi Tumu akaja kukosoa. Alicheka sana siku alipoambiwa kuwa malkia wa Wazungu atavaa twende kilioni, msuko wa mtu mwenye haraka ya kufika matangani. Ila twende kilioni wake una jambo. Una mistari kumi na mmoja, na ule wa nne kutoka kushoto umepinda juu ya sikio. Bushra ana kovu pale, aliangukia mbuzi ya kukunia nazi akiwa na miaka mitatu, na Bi Tumu hasuki juu ya kovu. Wateja wakaipenda ile kona bila kujua ni kovu, wakaagiza ibaki.

Akapanda ngazi akiguna kila kidato.

"Shikamoo, Bi Tumu," Twahir alisema.

"Marahaba. Mbona mwanitoa mbio hata mbaazi sikumaliza?"

Bushra, ambaye kazi yake pale ilikuwa rangi na mwanga, aliweka chini kalamu ya kuchorea iliyokuwa katika mkono wake wa kushoto, akainuka akambusu mamake mkono. Hakumtazama usoni. Katika kiti cha plastiki karibu na dirisha alikaa Munyoki, yule kijana aliyechora nywele. Mikono ameibana magotini, macho mekundu.

Twahir akaeleza. Faili la msuko linafunguka kwa neno la siri, na neno hilo walilijua watu wawili tu, yeye na Munyoki. Ijumaa, saa saba kasoro dakika kumi, faili lilifunguliwa. Saa hiyo yeye alikuwa msikitini, Bushra ameenda Ukunda kula.

"Hapa alibaki nani? Mkristo peke yake," Twahir alisema. "Wewe, Bi Tumu, nataka unithibitishie tu kwamba ni msuko wako. Nikitoka kuswali adhuhuri nampeleka kituoni."

"Nilifungua nifanye kazi, boss," Munyoki alisema. "Si ndiyo job yenyewe? Mama Bushra, aki mimi sijaiba kitu. Mathe akisikia niko ndani, pale Shimba Hills nani atamwambia pole? Watasema watu wa bara hao, tulijua tu."

"Nyamaza kwanza," Bi Tumu alimwambia. "Anayelia haoni vizuri, nami nataka unionyeshe kitu."

Bushra akasema haraka, "Huenda ni Katana, aliyekuwa akichora nywele na Munyoki. Alifukuzwa hapa mwezi wa kwanza, akaondoka na hasira."

"Huenda," mamake alisema. "Tutazame."

Munyoki akaweka vichwa viwili kwenye skrini, kushoto ule wa ofisi, kulia ule wa Shungi. Kwa mtu mwingine walikuwa mapacha. Mistari kumi na mmoja huku, kumi na mmoja kule, na kona juu ya sikio la kushoto kwa wote wawili.

"Sogeza karibu. Hapa kwenye paji la uso, nywele zinapoanzia."

Sasa hapa msomaji naye asogee. Kila mstari wa twende kilioni huanza na mashungi matatu madogo. Shungi linalotangulia kupita chini ya mwenzake ndilo pigo la kwanza, na mkono wa msusi hausahau pigo lake. Bi Tumu huanza na shungi la kulia. Huanza na la kulia akiwa mzima, akiwa na homa, hata akiwa anagombana na mwenye kichwa. Munyoki alikuwa ameliiga pigo hilo sawasawa, kwa sababu Jumanne nne nzima alisemwa mpaka akaliota.

Kwa malkia wa ofisi, mistari yote kumi na mmoja ilianza na la kulia. Bi Tumu akahesabu ya malkia wa Shungi kwa kidole, akigusa kioo. Yote kumi na mmoja ilianza na la kushoto.

Akarudia kuhesabu.

"Labda mwizi amegeuza kama kwenye kioo," Munyoki alisema. Sasa machozi yalikuwa yamekauka, kazi imemshika. "Programu inaweza. Unageuza kichwa chote, kulia inakuwa kushoto, ndiyo watu wasijue ameiba."

"Umemsikia?" Twahir alisema. "Hila zote anazijua."

"Ngoja, mwanangu," Bi Tumu alimwambia Munyoki. "Kichwa kikigeuzwa chote, ile kona itakuwa wapi?"

Munyoki akafungua mdomo, akaufunga. "Sikio la kulia."

"Na hii iko wapi?"

"La kushoto."

"Basi hakikugeuzwa. Tuje kwa Katana. Alikuwa akichora vipi?"

"Nusu kichwa," Munyoki alisema. "Halafu anaigeuza nusu ya pili itokee yenyewe. Ulimkemea kwa hiyo hiyo, ukamwambia hakuna msusi anayebadili mkono katikati ya kichwa."

"Kwa hivyo msuko wa Katana ungeanza kulia nusu na kushoto nusu. Huu si wake. Tena nasikia yuko Taru anauza mifugo, mwacheni na mbuzi zake." Bi Tumu akamgeukia Twahir. "Bwana, faili lako halikuibiwa. Hili limesukwa upya, mstari kwa mstari, na mtu anayeujua msuko huu na asiyeanza ninapoanzia mimi. Neno la siri halina kazi hapa. Mtu huyo hakulihitaji."

"Nani basi?"

Ilikuwa saa sita na robo. Adhana haikuwa mbali.

"Nenda ukaswali kwanza," Bi Tumu alisema. "Ukirudi nitakwambia."

Twahir akatoka, akafunga mlango mkubwa kwa ufunguo kana kwamba Munyoki ataruka. Bi Tumu akamshika Bushra mkono, akampeleka kwenye kibaraza cha nyuma, akavuta mlango.

"Malkia wa Shungi kasukwa kwa kushoto," alisema.

"Wanaosuka kwa kushoto ni wengi, mama."

"Wanaosuka msuko huu kwa kushoto namjua mmoja. Miaka miwili nilimpiga vidole kwa kitana ageuke, hakugeuka. Nikamwacha, maana alikuwa amekwisha kunizidi."

Bushra akatazama chini, kwenye ua wa duka, mitungi ya hewa ikioshwa.

"Uliona orodha waliyopeleka Ulaya?" aliuliza mwishowe. "Majina ya walioufanya huu mchezo?"

"Mimi nioneshwe na nani?"

"Mbunifu wa msuko, Twahir Mwinyihaji. Ndivyo ilivyoandikwa. Twahir, ambaye hawezi kusuka hata ukili wa mkeka. Nikamwuliza, na mama? Akasema mama yako hajui Kiingereza, jina lake litamsaidia nini? Akasema ulipewa leso na chakula, na ulitosheka." Sauti ikamkatika. "Na kweli ulitosheka. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Wewe wamekuzoea hivyo na wewe umejizoea hivyo. Nikasuka upya nyumbani, wiki tatu, nikauachia bure. Ikiwa hauwi wako, basi usiwe wa mtu."

Bi Tumu alihisi maneno yale yakimwingia moja moja. Leso ile alikuwa amejifunga siku hiyo hiyo.

"Na Munyoki?" aliuliza.

"Sikujua kama atashikwa yeye. Ndiyo maana nikasema Katana."

"Katana naye kakukosea nini?"

"Katana yuko Taru. Nani atamfuata?"

"Ingia ukaseme mwenyewe, Bushra."

"Nikisema, sipati tena kazi ya kompyuta Diani wala Mombasa. Kazi yenyewe ni ya watu wanaojuana." Akamshika mamake pindo la leso. "Nyamaza tu. Sikuombi useme uongo. Umeshasema faili halikuibiwa, yatosha. Munyoki atajitetea."

"Atajitetea akiwa kituoni?"

Bushra akaiachia leso. Na Bi Tumu, niseme ukweli wote, alitamani kunyamaza. Mtoto alikuwa naye mmoja. Alimtazama kupitia kioo cha mlango yule kijana wa Kikamba, amekaa kitini anafuta skrini kwa shati, mahali alipokuwa amegusa Bi Tumu kwa kidole. Mama yake yuko Shimba Hills, pengine saa ile anapalilia, hajui kitu. Bi Tumu akaona ni afadhali angekuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi.

Twahir alirudi saa saba na dakika ishirini, kofia bado kichwani, funguo za gari mkononi.

"Haya, Bi Tumu. Nani?"

"Kwanza mwambie huyu kijana ainuke. Hana kosa."

"Nani, nimeuliza."

"Aliyesuka hii ana mkono wa kushoto. Anajua ile kona inaanzia wapi, kwa sababu kovu liko kichwani mwake na amelishika kila siku ya maisha yake. Nimemfundisha mimi. Ni mwanangu."

Munyoki akageuka polepole. "Bushra? Wewe ulinipa chai asubuhi. Ukaniambia pole."

"Pole ile ilikuwa ya kweli," Bushra alisema, na hapo ndipo alipolia.

Twahir hakupaza sauti. Watu wa aina yake hawapazi. "Kwa hiyo ni wizi wa ndani."

"Wizi?" Bushra alisema. "Kichwa ni changu. Kovu ni langu. Mkono ni wa mama, na mama kaupata kwa bibi. Humo ndani chako ni kipi?"

"Mkataba," Twahir alisema. "Ulitia sahihi kwamba kila unachobuni ukiwa hapa ni cha ofisi. Polisi wataelewa hilo bila kujua kusuka."

Akaketi kwenye kompyuta yake, akaandika kwa dakika kumi bila kumtazama mtu. Mashine ikatoa karatasi moja, naye akaiweka mbele ya Bi Tumu pamoja na kalamu.

"Wateja wanataka uhakika kwamba msuko ni wetu. Bushra ataufuta mtandaoni sasa hivi na kazi hana tena. Wewe ukitia sahihi hapa, mimi kituoni siendi."

"Imeandikwaje?"

"Kiingereza. Nikusomee?"

"Wewe hapana. Munyoki anisomee."

Munyoki akaichukua karatasi. Alisoma mstari wa kwanza kimya, akamtazama Twahir, ambaye hakuwa amemwomba radhi wala hakuonyesha nia. Kisha akaisoma kwa Kiswahili chake kilichokatikakatika, sauti ikizidi kushuka: kwamba msuko wa mistari kumi na mmoja wenye kona upande wa kushoto ni ubunifu wa Twahir Mwinyihaji, kwamba yeye, Tumu, alikuwa msaidizi tu, kwamba hana haki nao, wala bintiye, wala atakayezaliwa kwao.

"Na kuusuka?" Bi Tumu aliuliza. "Kwangu, barazani?"

"Imesema bila ruhusa hapana," Munyoki alisema. "Pole, mama."

"Hiyo ni lugha ya karatasi tu, Bi Tumu," Twahir alisema. "Nani atakufuata Msambweni?"

"Usitie," Bushra alisema. "Mama, nakuomba. Nipelekwe. Nitalala ndani hata mwezi, lakini usiwape."

"Ungesema hivyo saa sita na nusu," mamake alimjibu, "tungelala ndani wote wawili na mimi ningekuwa na raha."

"Ulimwokoa wa watu. Mimi wa kwako unanifanya nini?"

Bushra akachukua mkoba wake, akafuta kilichokuwa cha kufuta kwenye simu mbele ya Twahir, akashuka ngazi. Hakumsubiri mamake. Tuktuk ikasikika ikiwaka, ikaondoka.

"Wapi?" Bi Tumu aliuliza, kalamu mkononi.

"Hapa chini," Twahir alisema. "Penye jina lako."

Akainama akaandika, herufi kubwa moja moja, kama alivyofunzwa ukubwani kwenye darasa la ngumbaru. Ilikuwa saa nane kasorobo. Ndiyo mara ya kwanza jina la Bi Tumu kuandikwa mahali popote panapohusu msuko ule, na liliandikwa kusema si wake.